Mjumbe na Awarudishie Habari Waliomtuma

Hotuba juu ya kazi ya mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria katika jimbo la Nebraska, Marekani



Wazee walisema kwamba mjumbe hauawi. Maana yake yajulikana na wote: mtu aliyetumwa kupeleka maneno asiadhibiwe kwa ajili ya maneno aliyoyachukua, hata yakiwa machungu. Lakini heshima hiyo ina deni lake. Mjumbe aliyepewa salama ya kwenda na kurudi hana budi arudi kweli, na akisha kurudi aseme yote aliyoyaona na kuyasikia, si yale yanayopendeza tu. Watu ambao mjumbe wao hawarudishii habari hawapitani na watu wasiotuma mtu.

Hotuba hii ni juu ya deni hilo. Mfano wake umetwaliwa katika Nebraska, jimbo la wakulima na wafugaji lililo katikati ya Marekani, kwa sababu huko watu walilifikiri jambo hili kwa muda mrefu, hata wakalitia katika sheria zao.

NCHI YENYEWE

Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina Gavana wake na Baraza lake la Kutunga Sheria, mbali na Bunge kuu lililoko Washington. Bunge kuu huangalia mambo ya nchi nzima, kama vile majeshi na mapatano na mataifa ya kigeni. Baraza la jimbo huangalia mambo yanayomgusa mtu mlangoni pake: shule, barabara, kodi, maji na magereza.

Ukubwa wa Nebraska wazidi kidogo theluthi moja ya Kenya, na hesabu ya mwaka 2020 ilionyesha watu wapatao 1,960,000. Mahindi na ng'ombe wa nyama ni katika mali zake kubwa. Mji mkuu ni Lincoln. Jumba la serikali lililoko huko lina mnara mrefu, na juu ya mnara huo haikusimamishwa sanamu ya mfalme wala ya jemadari, bali ya mpanzi, mtu atupaye mbegu kwa mkono wake. Mgeni aonaye sanamu hiyo kwa mbali hujua mara moja kwamba amefika katika nchi ya wakulima.

BARAZA LENYE NYUMBA MOJA

Majimbo mengine yote 49 yana mabaraza yenye nyumba mbili, nyumba ya juu na nyumba ya chini. Hata Nebraska ilikuwa hivyo zamani. Lakini George Norris, aliyekuwa Seneta wa jimbo hilo huko Washington, aliona kasoro. Nyumba mbili zikipitisha mswada mmoja kwa namna mbili, wajumbe wachache wa kila upande hukaa kando na kuupatanisha. Humo ndani neno laweza kuongezwa na neno laweza kuondolewa, na wananchi wasijue ni nani aliyefanya hivyo. Kisha mjumbe akirudi kwao na kuulizwa, husema kwamba kosa ni la nyumba ile nyingine. Watu wa nyumba ile nyingine nao husema vivyo hivyo. Basi mwananchi hukosa mtu wa kumshika.

Mwezi wa Novemba 1934 watu wa Nebraska walipiga kura, wakakubali kuwa na nyumba moja tu. Baraza jipya lilianza kazi mwezi wa Januari 1937, likiwa na wajumbe 43 mahali pa wajumbe 133 wa nyumba zile mbili. Siku hizi wajumbe ni 49, nao huitwa Maseneta, na kila mmoja husimamia watu wapatao 40,000. Katika karatasi ya kura jina la chama cha siasa halionyeshwi, ingawa wenyeji wengi wajua kila mtu ana chama gani. Mshahara wa mjumbe ni dola 12,000 kwa mwaka, kiasi kisichoweza kulisha nyumba huko. Kwa hiyo wengi wao wana kazi nyingine za kuwapatia riziki, kama ukulima, biashara au sheria. Jambo hili lina ubaya wake, kwa maana mtu asiye na akiba hupata shida kuishika kazi hiyo. Lakini lina wema wake pia, kwa kuwa mjumbe hulipa kodi ile ile na kupita barabara ile ile kama jirani zake.

NJIA YA MSWADA

Baraza hukutana siku 90 za kazi katika mwaka mmoja na siku 60 katika mwaka unaofuata. Mswada wa mjumbe hutolewa katika siku kumi za kwanza, nao lazima uwe juu ya jambo moja tu, ili jambo baya lisifichwe nyuma ya jambo jema. Kisha hupelekwa mbele ya kamati, na hapo ndipo penye desturi iliyo bora kuliko zote: kila mswada husikilizwa waziwazi. Mwenye shamba, mwalimu, mwenye duka, mama wa nyumbani, yeyote apendaye aweza kuja Lincoln, kutaja jina lake, kukaa mbele ya wajumbe na kueleza anavyofikiri. Watu wa Nebraska husema kwamba nyumba ya pili ya Baraza lao haikuondolewa. Nyumba hiyo ni wananchi wenyewe.

Mswada ukitoka katika kamati hujadiliwa mara mbili, ndipo husomwa mara ya mwisho na kupigiwa kura. Baadaye hupelekwa kwa Gavana, naye ana siku tano za kuutia sahihi au kuukataa. Akiukataa, kura 30 za wajumbe zaweza kuupitisha juu ya neno lake. Majadiliano yote hutangazwa, na mtu aliye mbali na Lincoln aweza kuyafuata nyumbani kwake.

Lakini si kila mtu ana nafasi ya kusikiliza siku nzima. Mahindi hayangojei, wala ng'ombe hawangojei. Kwa hiyo wajumbe wengi huandika barua kila juma Baraza linapokutana, na magazeti madogo ya miji yao huipiga chapa. Katika barua hiyo husema ni miswada gani iliyojadiliwa, wao walipiga kura gani na kwa sababu gani, na siku gani watu waweza kuja kutoa maneno yao. Barua ya namna hiyo si zawadi wala matangazo ya biashara. Ni hesabu ya mtumishi mbele ya bwana zake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na madaraka ni mali ya watu.

KODI YA MASHAMBA

Ili uzito wa barua hizo ufahamike, yafaa kutazama shauri moja ambalo limewasumbua watu wa Nebraska kwa miaka mingi, yaani kodi ya ardhi na majumba. Tangu kura ya mwaka 1966 serikali ya jimbo yenyewe hairuhusiwi kutoza kodi hiyo, na mwaka 1967 Baraza likaanzisha kodi ya mapato na ushuru wa mauzo ili serikali ipate fedha. Kodi ya ardhi hutozwa na wilaya, miji na halmashauri za shule, na sehemu kubwa yake huenda katika shule.

Taabu ya mkulima ni hii. Kodi hufuata thamani ya ardhi, haifuati mavuno. Bei ya mashamba ikipanda, kodi yaweza kupanda pamoja nayo, hata ikiwa bei ya mahindi imeshuka au mvua imekosekana. Mzee mwenye ardhi nyingi aweza kuitwa tajiri katika daftari ya kodi, huku mkononi hana fedha. Kwa upande mwingine, fedha hizo ndizo zilipazo mwalimu na kutengeneza paa la shule. Mtu asemaye kodi iondolewe hana budi aseme pia mwalimu atalipwa na nini.

Mwaka 2024 Gavana Jim Pillen, ambaye naye ni mfugaji wa nguruwe, aliliita Baraza katika mkutano wa pekee kwa ajili ya shauri hilo. Mkutano ulianza tarehe 25 Julai. Gavana alitaka kodi ipunguzwe kwa kiasi kikubwa sana, na fedha za kuziba pengo zitafutwe kwa kuondoa misamaha ya ushuru wa mauzo katika vitu na kazi nyingi. Ndipo maneno yakawa mengi. Wakulima walitaka nafuu. Wenye biashara ambazo zingeanza kutozwa ushuru walilalamika. Wengine walisema kwamba ushuru wa mauzo humlemea maskini kuliko tajiri, kwa kuwa maskini hutumia karibu yote aliyo nayo.

Tarehe 20 Agosti mkutano ulikwisha. Sheria iliyopita iliweka mpaka katika kuongezeka kwa kodi zinazotozwa na wilaya na miji. Tena iliamuru kwamba msaada wa serikali katika kodi ya shule ukatwe moja kwa moja katika hati ya kodi ya mwenye ardhi. Zamani mtu alipaswa kuuomba mwenyewe, na wengi hawakuuomba. Lakini shauri kubwa la kuondoa misamaha ya ushuru halikupita, na nafuu iliyopatikana ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotarajiwa.

HABARI NJEMA NA HABARI KAMILI

Hapa ndipo mjumbe hujaribiwa. Aliondoka kwao watu wakimpungia mkono na kumwambia, "Ulete nafuu." Sasa yuarudi na nusu kibaba. Aandike nini?

Aweza kuandika habari njema: kwamba Baraza limefanya kazi kubwa na kwamba kodi itapungua. Maneno hayo si uongo, lakini si kamili. Mkulima atakapoipokea hati yake ya kodi mwezi wa Desemba ataona mwenyewe, na tangu siku hiyo hataamini barua nyingine.

Aweza pia kuandika habari kamili, nayo ina mambo matatu. La kwanza, jambo lililopatikana, na kiasi chake. La pili, jambo lililokosekana, na yeye mwenyewe alipiga kura upande gani. Kwa maana katika nyumba moja hakuna jirani wa kumtupia lawama. La tatu, jambo litakalofuata, na siku ambayo wananchi waweza kusema tena. Barua hiyo huenda ikamkasirisha msomaji leo. Lakini humpa kitu ambacho sifa haziwezi kumpa, yaani nafasi ya kuhukumu kwa haki.

MLANGO UFAAO

Barua ya mjumbe ina faida nyingine: kumwonyesha mtu mlango ufaao. Watu wengi hupoteza siku zao wakibisha katika ofisi isiyo yao, kisha hurudi nyumbani wakisema serikali haisikii. Katika Nebraska barabara ya shamba ni kazi ya wilaya. Darasa ni kazi ya halmashauri ya shule. Maji ya visima yana wasimamizi wake: mwaka 1969 Baraza lilipitisha sheria ya kuunganisha vyombo vidogo 154 vya udongo, maji na mafuriko, na tangu mwaka 1972 kazi hiyo imeshikwa na maeneo 24, ambayo sasa ni 23. Mipaka yake hufuata mabonde ya mito, na wajumbe wa bodi zake huchaguliwa na wenyeji. Seneta aliye mwaminifu hajivunii barabara asiyoijenga. Husema, "Jambo hili ni la fulani, mkutano wake ni siku fulani, nendeni."

KAZI YA WALIOTUMA

Je, watu wa Kenya wapata nini katika habari za mbali namna hii? Mwaka 1944 Bwana Eliud Mathu alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, naye aliteuliwa, hakuchaguliwa kwa kura ya watu. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wanane walichaguliwa kwa mara ya kwanza, ingawa kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, mapato na mengineyo, hata watu wengi hawakuipata. Mlango ulifunguliwa polepole, na wengi waliumia katika kuusukuma. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 118, yaamuru Bunge kufanya kazi yake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Na kifungu cha 196 chaamuru mabaraza ya kaunti 47 vivyo hivyo.

Lakini sheria haiwezi kumlazimisha mtu kusikiliza. Mjumbe aweza kuandika barua njema, nayo ikafungiwa sukari dukani bila kusomwa. Chumba cha kamati chaweza kuachwa wazi, na viti vikakaa vitupu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mjumbe asiyeulizwa husahau upesi kwamba alitumwa.

Kwa hiyo yafaa kila kijiji kiwe na desturi ndogo. Mjumbe akija, asiulizwe kwanza ameleta nini mkononi. Aulizwe: ni mambo gani yaliyojadiliwa? Wewe ulikuwa upande gani? Lipi limeshindikana, na kwa nini? Tuje lini kusema maneno yetu? Na majibu yake yaandikwe katika daftari, yasomwe tena atakapokuja mara ya pili.

Juu ya mlango wa kaskazini wa lile jumba la Lincoln yamechongwa maneno katika jiwe, na maana yake ni kwamba wokovu wa jimbo ni kukesha kwa raia. Mjumbe apitaye mlango huo akienda kazini hupita chini ya maneno hayo. Mpanzi yuko juu ya mnara; lakini kila mkulima ajua kwamba kupanda ni kazi ya siku chache, na kulinda shamba ni kazi ya msimu mzima.