Kanda Zetu za Zamani: Neno la Kamati ya Kumbukumbu ya Kwaya





Tulipoanza kuandaa yubile hii, tulifungua kabati la kwaya tukakuta kanda saba za VHS. Mbili zilikuwa na ukungu mweupe; unyevu wa pwani yetu hauna huruma. Hizo hatukuzitia kwenye deki, maana ukungu huchafua hedi na kuhamia kanda nyingine. Zinasubiri fundi wa kuzisafisha. Deki yenyewe tuliazima, kwani Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki mpya za VHS, iliacha mwaka 2016.

Katika kanda ya tatu tulimwona mwalimu wetu wa kwanza akiongoza, na nyuma yake waimbaji wa sauti ya nne ambao baadhi yao tumeshawazika. Binti yake aliomba turudishe nyuma mara nne.

Sasa, tuzihifadhi vipi? Wengine wetu walisema tutie kwenye DVD, yaishe. Lakini kanda moja tuliwahi kuihamishia DVD, kisha tukaitupa. Leo DVD ile haisomeki. Wengine walitaka MP4 ndogo ya kutumiana WhatsApp. Hiyo yafaa kutazama, ila video ikibanwa hivyo hupoteza kitu, na kilichopotea hakirudi.

Basi tumekubaliana hivi. Kila kanda itakuwa na nakala mama: faili ya MKV iliyobanwa kwa FFV1, ambayo haipotezi chochote na haihitaji leseni ya kulipia. Ni nzito, saa moja yaweza kula gigabaiti 30. Hatutaikuza picha wala kuipamba. Kutoka kwa mama huyo tutatoa MP4 za kutazama, gigabaiti 2 hivi kwa saa.

Nakala mama zitakaa kwenye diski mbili: moja kanisani, nyingine nyumbani kwa mweka hazina. Kila mwaka tutazifungua na kuzikagua. Na kanda hatutupi tena.

Ombi letu: ukiwa na kanda ya harusi au mazishi ambako kwaya iliimba, tuletee. Tafadhali usiijaribu kwanza kwenye deki ya nyumbani. Mchango wa leo utanunua diski ya pili.

Mungu awabariki.