Nyumba na Haki ya Jirani



Mnyarwanda wa zamani alijenga rugo lake kilimani, mbali kidogo na mwenziwe. Wazee wetu waliokuja Kigali baada ya mji kuasisiwa mwaka 1907 walileta desturi ya pwani: nyumba zilizokaribiana, na msikiti kati yao. Serikali ya Wabelgiji ikawatenga Biryogo, pakaitwa Kambi ya Waswahili. Nao wakapafanya mahali pa ujirani.

Leo ghorofa zinapanda, wala hatuzikatai. Lakini kabla ya kuchora ramani tuulize: Mgeni ataketi wapi? Jeneza litapita wapi? Nani atasikia jirani akiugua? Haki ya jirani ijengwe pamoja na kuta.

Wabillahi tawfiq.