Chakula cha Jioni Wakati wa Palizi

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Msangano



Kila mwaka, kuanzia mwezi Desemba mpaka Machi, bonde la Msangano huwa na kazi nyingi kuliko mikono. Mahindi yanadai palizi, mpunga unadai maji na uangalizi, ufuta nao una wakati wake, na magugu hayamngoji mtu. Mama hutoka nyumbani alfajiri na jembe begani, akarudi jua linapokuchwa. Ndipo huanza kutafuta kuni, kuteka maji, kuchambua mboga na kuwasha moto. Ugali unapoepuliwa ni saa tatu za usiku, na mtoto wa miaka mitatu amekwisha kulala. Aghalabu haamshwi. Akiamshwa, hula matonge mawili huku macho yamefumba, na kesho yake mambo huwa yale yale.

Jambo hili halitokei katika nyumba zilizokosa chakula tu. Hutokea pia katika nyumba zenye magunia ya mahindi chumbani, na hiyo ndiyo sababu ya kulizungumza mbele ya wanaushirika. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mkoa wa Iringa ulikuwa na asilimia 56.9, na Rukwa, jirani wa karibu wa Momba, asilimia 49.8. Songwe yenyewe ilipita kidogo wastani wa taifa. Hii ni mikoa inayosifiwa kwa mahindi, na malori yake hupeleka nafaka mbali. Kwa hiyo udumavu huo hauwezi kuelezwa kwa upungufu wa mahindi peke yake. Maradhi yamo, maji yasiyo safi yamo, na afya ya mama yamo. Lakini imo pia namna ya kula: mtoto anakula mara ngapi kwa siku, na ndani ya sufuria mna nini zaidi ya unga.

Somo hili si jipya. Katika miaka ya 1980 ulifanyika Iringa mpango mkubwa wa lishe, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Serikali ya Italia, ukaanza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na serikali za vijiji zikajadili majibu ya vipimo hivyo kama zinavyojadili mavuno. Mojawapo ya mambo yaliyodhihirika ni kwamba watoto wengi walikuwa wakilishwa mara chache mno kwa siku, kwa sababu mama zao walikuwa shambani. Dawa yake haikuwa kumlaumu mama. Ilikuwa ni kupanga kazi na chakula pamoja.

Hesabu ya ghala la nyumbani

Mlo wa jioni wa mwezi Februari haupangwi mwezi Februari. Hupangwa mwezi Juni, wakati mazao yanapoingia nyumbani. Chama cha msingi kina daftari la ghala lenye mapokezi, matoleo na baki. Nyumba nayo yapasa iwe na hesabu kama hiyo, hata ikiandikwa katika karatasi moja.

Ichukuliwe familia ya watu sita inayopika kilo mbili na nusu za unga wa dona kwa siku. Kwa siku 365 familia hiyo itahitaji kilo 912 na nusu, yaani magunia tisa ya kilo 100 na ziada kidogo. Ukiongeza wageni, misiba na mahindi yatakayoliwa na wadudu, gunia la kumi ni la lazima. Sasa mwenye nyumba huyo amevuna magunia kumi. Ufuta wake ameufikisha ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi, na malipo bado hayajatoka. Ada ya shule inadaiwa, na mnunuzi wa mahindi yuko mlangoni na fedha taslimu. Anauza magunia manne. Yamebaki sita, yaani kilo 600, ambazo kwa kilo mbili na nusu kila siku zitatosha siku 240. Akianza kula tarehe 1 Julai, kilo ya mwisho itapikwa tarehe 25 Februari.

Tarehe hiyo palizi haijesha na mahindi mapya hayajakauka. Mwenye nyumba atanunua mahindi kwa bei kubwa kuliko ile aliyouzia, au atakwenda kufanya kibarua katika shamba la mwenzake huku shamba lake mwenyewe limemezwa na magugu. Mwaka unaofuata atavuna kidogo zaidi, na mzigo anaouleta chamani utapungua. Hivyo sufuria ya jioni na mizani ya chama ni mambo yaliyofungamana.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya nafaka huoza isipotunzwa. Mahindi yapasa yakaushwe barabara kabla ya kuwekwa. Yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo hufungwa sawasawa na huua wadudu bila dawa, au katika kihenge kilichosafishwa. Dumuzi, mdudu aliyeonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wakampa jina la Skania, angali adui mkubwa wa mahindi.

Nafaka peke yake haitoshi. Familia hiyo ya watu sita ikipika nusu kilo ya maharage au kunde mara nne kwa juma, itahitaji kilo 104 kwa mwaka, yaani gunia moja na kidogo. Ikitumia robo kilo ya karanga zilizobanguliwa mara tatu kwa juma, itahitaji kilo 39. Ufuta nao ni chakula: debe moja likibaki nyumbani kwa ajili ya kukaangwa na kutwangwa, mboga itapata mafuta bila kwenda dukani. Ni ajabu kwa mkulima wa ufuta kuuza punje zote, kisha akala mboga iliyochemshwa kwa maji matupu.

Siku nzito na siku nyepesi

Mlo wa kutosha una sehemu tatu: chakula cha kushibisha, kama ugali, wali au viazi, chakula cha kujenga mwili, kama maharage, kunde, karanga, samaki au mayai, na mboga za majani au matunda, pamoja na mafuta kidogo, kwani bila mafuta mwili hauipati vema vitamini A iliyomo katika mboga. Sehemu zote tatu hupatikana Msangano bila gharama kubwa, kama zimepangwa.

Njia rahisi ni kupishanisha siku nzito na siku nyepesi, na kila mtu wa nyumba hiyo kuijua ratiba. Mfano mmoja ni huu.

Jumatatu: ugali wa dona, maharage na majani ya maboga. Maharage hulowekwa tangu Jumapili usiku, na maji ya kulowekea humwagwa. Maharage yaliyolowekwa huiva upesi na huokoa kuni. Magadi hulainisha, lakini hupunguza vitamini, hivyo kuloweka ni bora.

Jumanne: ugali na majani ya kunde makavu, yaliyoungwa kwa karanga zilizotwangwa. Hiki ni chakula cha muda mfupi.

Jumatano: wali na kunde, zilizolowekwa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Alhamisi: ugali, samaki wakavu wa Ziwa Rukwa au dagaa, na mchicha.

Ijumaa: ugali na maharage, pamoja na mlenda au majani mengine yanayopatikana shambani.

Jumamosi: viazi vitamu, msimu wake ukifika, pamoja na karanga na mboga ya majani.

Jumapili: makande ya mahindi na maharage, kwa kuwa siku hiyo upo muda wa kuacha chungu motoni. Kama kuna kuku au mayai, siku hiyo ndiyo yake.

Majani makavu yafaa kutajwa peke yake. Wakati wa mvua majani ya kunde na ya maboga huwa mengi mpaka huachwa yakazeeka. Yakichumwa machanga, yakachovywa kidogo katika maji ya moto na kuanikwa kivulini penye upepo, hutunza ubora wake kuliko yakianikwa juani. Kikapu kimoja cha majani makavu ni jioni nyingi ambazo mama hatahitaji kutafuta mboga gizani.

Unga wa dona nao una faida mbili. Sembe iliyokobolewa hupoteza kiini na sehemu kubwa ya vitamini, na gunia hupungua uzito. Dona haipotezi chochote. Lakini kwa kuwa ina mafuta ya kiini, haikai muda mrefu. Yafaa isagwe kwa kadiri ya juma moja au mawili.

Chakula kilichobaki jioni chaweza kuliwa asubuhi, mradi kimefunikwa na kuchemshwa tena mpaka kitokote. Katika joto la bondeni kisikae zaidi ya hapo.

Mtoto mdogo asingoje jioni

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Hawezi kula katika mlo mmoja wa usiku chakula cha siku nzima. Anahitaji kula mara nne au tano, pamoja na kunyonya. Uji mwepesi humshibisha kwa maji, na uji mzito humshinda kumeza. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, walionyesha njia ya kutatua jambo hili kwa kutumia kimea.

Kimea si kitu kigeni Msangano. Kila mpishi wa pombe ya ulezi anakijua. Ulezi hulowekwa usiku mmoja, hufunikwa mahali penye unyevu mpaka uchipue, yaani siku mbili au tatu, kisha hukaushwa juani na kusagwa. Uji hupikwa mzito kama wa mtu mzima, huepuliwa na kuachwa upoe kidogo, halafu hutiwa kijiko kimoja cha kimea na kukorogwa. Baada ya dakika chache huwa mwepesi, na nguvu ya unga imebaki yote. Hurudishwa motoni utokote tena, ndipo mtoto apewe. Kama kimea ni cha mtama, machipukizi yaondolewe yote, kwani yana sumu. Kwa ulezi hapana shida hiyo. Bibi anayebaki na wajukuu anaweza kuupika uji huu asubuhi na mchana, mradi ameachiwa unga, kimea na kuni. Ikiwa sehemu kubwa ya ulezi wa nyumba huenda katika pombe, si vibaya vibaba vichache vikamtangulia mnywaji.

Kazi ya nyumba nzima

Ratiba haiwezi kuwasha moto yenyewe. Mume na mke hutoka shambani pamoja. Si haki mmoja apumzike barazani na mwenzake aanze zamu ya pili. Baba mwenye baiskeli au pikipiki anaweza kuleta kuni za juma zima siku ya Jumamosi na kupeleka mahindi mashineni. Watoto wakubwa waweza kuteka maji na kuchambua maharage bila kuacha masomo yao. Anayefika nyumbani kwanza aijue ratiba na abandike sufuria. Hakuna heshima inayopungua hapo, na chakula kitakuwa tayari kabla ya saa moja na nusu, watoto wakiwa macho.

Wajibu wa chama

Elimu kwa wanachama ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika, na kuijali jamii ni msingi mwingine. Chama cha msingi chaweza kufanya mambo manne yasiyohitaji bajeti.

Kwanza, katika mkutano unaotangulia mavuno, katibu asaidie kila mwanachama kuandika hesabu ya chakula cha nyumba yake: watu wangapi, kilo ngapi kwa siku, magunia mangapi yasiyouzwa. Asiyejua kuandika aandikiwe, na mke na mume wawepo wote wawili.

Pili, katibu awaeleze wanachama mapema malipo ya mazao yanatarajiwa lini na kwa utaratibu gani. Mwanachama asiyejua siku ya malipo ndiye anayeuza mahindi ya watoto kwa hofu.

Tatu, mikutano ya wakati wa palizi ianze kwa saa iliyotangazwa na kumalizika mapema. Mkutano unaoitishwa saa nane, ukaanza saa kumi na kwisha usiku, umekula chakula cha jioni cha kila nyumba yenye mwanachama mwanamke.

Nne, mbegu za kunde, karanga na mboga ziulizwe na kuagizwa pamoja na pembejeo za mazao ya biashara, na mganga wa zahanati au ofisa ugani aalikwe walau mara moja kwa mwaka aeleze habari za lishe.

Ndugu wanachama, mkaguzi afikapo chamani hutazama kama baki iliyo katika daftari inalingana na baki iliyo ghalani. Katika nyumba, ukaguzi huo hufanywa na mtoto, mwezi Februari, saa moja ya usiku. Mavuno yajayo yasiingie sokoni kabla hesabu yake haijaandikwa.