Mfalme Constantine na Maharamia wa Kaskazini

Hotuba hii yahusu mfalme wa kale, Constantine wa Pili, aliyetawala nchi ya Alba, ndiyo Uskoti, tangu mwaka 900 hata mwaka 943. Kutawala miaka 43 katika zama zile lilikuwa jambo la ajabu. Baba yake, Mfalme Aed, aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 878. Ami yake, ambaye naye aliitwa Constantine, aliuawa na Waviking. Binamu yake Donald, aliyemtangulia katika kiti, alifariki mwaka 900. Basi kiti alichokalia kijana huyo kilikuwa kiti cha damu.

Waviking hao walikuwa watu wa Norwei na Denmark. Merikebu zao zilikuwa ndefu na nyembamba, hazikuhitaji maji ya kina, hivyo ziliweza kupanda mito hata bara, zikawashukia watu waliojiona wako salama. Mwaka 795 walipora nyumba ya watawa katika kisiwa cha Iona. Mwaka 806 waliua humo watu 68. Mwaka 870 waliizingira ngome ya Dumbarton kwa miezi minne, kisha wakarejea Dublin, katika Ayalandi, na merikebu 200 na mateka wengi wa kufanywa watumwa.

Mwaka 903, Constantine akiwa bado mgeni katika utawala, Waviking waliingia nchini mwake wakateka nyara mji mtakatifu wa Dunkeld. Mfalme hakukimbia. Mwaka uliofuata watu wake walipigana nao katika bonde la Strathearn, wakawashinda, wakamwua mkuu wao, Ivar, mjukuu wa Ivar yule aliyeizingira Dumbarton.

Lakini Constantine alijua ya kuwa upanga peke yake haujengi nchi. Mwaka 906 alipanda kilima karibu na Scone pamoja na Askofu Cellach, na huko wote wawili waliapa mbele ya watu kuzishika sheria za imani na haki za makanisa. Hivyo watu waliona ya kuwa mfalme naye yuko chini ya sheria.

Mwaka 918 hatari ilirudi. Ragnall, mjukuu mwingine wa Ivar, alikuja na jeshi kubwa, wakakutana kwenye ukingo wa mto Tyne. Ragnall aliyagawa majeshi yake mafungu manne. Watu wa Alba waliyavunja matatu, wakadhani vita vimekwisha. Ndipo fungu la nne, lililofichwa, likawashambulia kwa nyuma. Wengi walianguka, ila mfalme na wakuu wake walisalimika. Usiku ndio uliowatenganisha, wala hakuna aliyeweza kujisifu ameshinda.

Kisha likatokea jambo lililokuwa gumu kuliko yote. Athelstan, mfalme wa Waingereza, alipata nguvu nyingi. Mwaka 927 Constantine alifanya naye amani, lakini mwaka 934 Athelstan aliivamia Alba kwa nchi kavu na kwa bahari, akafika mpaka Dunnottar. Constantine afanye nini? Hakuweza kusimama peke yake. Akapatana na Olaf, mfalme wa Dublin, Mviking wa ukoo ule ule wa Ivar ulioipora Dunkeld! Bila shaka wazee waliokumbuka moto na minyororo walisononeka.

Mwaka 937 walipigana na Athelstan mahali paitwapo Brunanburh. Wafalme watano na majemadari saba wa upande wa Olaf waliuawa. Constantine, mtu mzima sasa, alirudi kwao akiwa hai, lakini mwanawe alimwacha uwanjani, maiti. Hata hivyo Alba haikumezwa; mfalme aliyeshindwa aliendelea kutawala nchi yake.

Mpanda ngazi hushuka, nao wafalme wengi wa zamani zile walishushwa kwa upanga. Constantine alishuka kwa hiari yake. Mwaka 943 alimwachia kiti Malcolm, mwana wa binamu yake Donald, akaenda St Andrews kuishi kama mtawa. Akafa huko mwaka 952 akiwa mzee sana.

Mabibi na Mabwana, Constantine hakushinda kila vita, na mapatano yake mengine yalimgharimu mwana. Lakini alijua wakati wa kupigana, wakati wa kupatana na wakati wa kuondoka. Alipokea nchi iliyokuwa ikiliwa na maharamia, akaacha nchi yenye sheria na jina. Hata leo wasemao Kigaeli huiita Uskoti kwa jina lile lile, Alba.