Hija ya Kuyatazama Maua



Ndugu wasikilizaji, huko Marekani, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina, iko milima yenye misitu minene iitwayo Great Smoky Mountains. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1934, na aina za mimea yake itoayo maua zapita 1,500. Mwaka 1951 ulianza huko utaratibu huu: majira ya baridi yakiisha, watu hukusanyika na kuongozwa na wajuzi wa mimea kwenda kuyatazama maua ya mwituni. Matembezi hayo waliyaita hija.

Mahujaji hao hutembea polepole. Kiongozi akiinama, wote huinama, kwa kuwa mengi ya maua hayo ni madogo na yako karibu na ardhi. Huchanua upesi, kabla miti haijaota majani na kuzuia jua. Baada ya majuma machache hayaonekani tena. Liko moja liitwalo triliamu, lenye majani 3 na petali 3. Mbegu yake huchukuliwa na sisimizi, na toka kuota hadi kutoa ua la kwanza huweza kupita miaka 7 au zaidi. Mtu akilichuma pamoja na majani yake, mmea hukosa chakula, na huenda ukafa. Kwa hiyo mahujaji hutazama, wala hawachumi.

Ndugu zangu, nami ninalo la kuungama. Nilipokuwa paroko kijana, vijana wa parokia waliniletea maua ya mlimani ili kupamba altare siku ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Walikuwa wameyang'oa pamoja na mizizi. Niliwapongeza mbele ya waamini wote. Mwaka uliofuata walipanda tena mlimani, wakarudi mikono mitupu. Tulikuwa tumempa Mungu kilichokuwa chake tayari, tukawanyima waliotufuata.

Bwana wetu alituagiza tuyatafakari maua ya kondeni, hakutuagiza tuyang'oe. Alitaka tujifunze kumtumaini Baba. Mtu aiogopaye kesho hukusanya vyote leo, asimwachie mwenzake kitu. Bali amtumainiye Mungu aweza kukiona kizuri, akashukuru, akakiacha mahali pake.

Enyi wazazi na makatekista, altare zetu tuzipambe kwa maua tuliyoyapanda kwa mikono yetu wenyewe. Tena wapelekeni watoto kwenye msitu ulio jirani, pamoja na mzee ayajuaye majina ya mimea. Wainame, watazame, wamsifu Muumba. Kisha warudi nyumbani mikono mitupu, na mioyo imejaa.

Mungu awabariki nyote. Amina.