Ni Nani Atakayemlisha Simba?

Majuma machache yamebaki kabla ya Krismasi, na hapa Eldoret watu wengi wameanza kufungasha mizigo kwa safari ya nyumbani. Asubuhi hii twataka kusema nanyi juu ya mbwa. Msicheke. Katika Kutoka 23:12, pale Mungu anapoamuru pumziko la siku ya saba, anamtaja ng'ombe na punda, na papo hapo anamtaja mtoto wa mjakazi na mgeni. Wote wamo katika aya moja. Sisi tulikuwa tumeisoma aya hiyo mara nyingi, hata kuihubiri, bila kuona jambo hilo mpaka Krismasi ya mwaka jana.

Mbwa wetu tulimwokota mtaroni karibu na soko, kamba ya manila imemla shingo hata ikaingia nyamani. Tulimwita Simba, kama nusu ya mbwa wote wa Kenya, ingawa ni jike na huwaogopa kuku. Kabla ya kumwosha tulimwita daktari wa mifugo, kwa maana mbwa wa kuokotwa hujui ameumwa na nani. Kichaa cha mbwa si jambo la mzaha: dalili zake zikisha kumtokea mtu, karibu hakuna aponaye. Mwaka 2014 serikali yetu ilitoa mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na mpango huo wategemea mbwa saba katika kila kumi wachanjwe kila mwaka. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitali siku iyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Basi, kumwokoa ilikuwa kazi ya siku moja. Shida ilianza Jumatatu. Mmoja wetu hufundisha shule, mwingine hushinda akitembelea wagonjwa au akizika, na watoto hurudi jioni. Tukanunua mnyororo. Simba alibweka tangu saa mbili asubuhi hata majirani wakaja kulalamika, nao walikuwa na haki. Ilitupasa kuona aibu: mbwa aliyekaribia kufa kwa sababu ya kamba, sisi tulimfunga tena, ila kwa chuma. Aliyetusaidia ni mama mmoja mjane ng'ambo ya ua. Alikuwa ameanika mahindi, na mbuzi wa mtaa walikuwa wakimsumbua. Akasema, "Nileteeni huyo, ashinde huku." Tangu hapo Simba hupita kwenye tundu la ua kila asubuhi, hulala kando ya mahindi, naye mama hupata mifupa ya bucha kutoka kwetu ya kumpa saa sita. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatupeleki, maana huvunjika vipande vikali na kuchoma matumbo.

Halafu ikaja Desemba. Wako watu, na wengine wao ni washirika wetu, ambao siku ya safari humfungulia mbwa lango wakisema, "Atajitafutia." Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yaona kumtupa mnyama hivyo kuwa kosa. Lakini hata bila sheria, mwezi wa Januari twawaona mbwa hao wakitembea kwa makundi kwenye majalala, na watoto wetu ndio wapitao hapo kwenda shule.

Sisi husafiri kwenda Butere baada ya ibada za Krismasi, kwa siku kumi hivi. Katika kitabu cha Tobiti, ambacho kanisa letu la Kianglikana hukisoma kwa mfano wa maisha wala si kwa kuthibitisha mafundisho, kijana Tobia anaposafiri mbwa anamfuata njiani. Tobia hakuhitaji kupanda matatu. Makondakta wawili tuliowauliza walitutazama kana kwamba tumepatwa na malaria ya kichwa. Kule Nairobi iko KSPCA, chama cha kuwahurumia wanyama, lakini ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Kumweka mbwa mahali pa kulipia kwa siku ni gharama ambayo mshahara wa mchungaji hauiwezi.

Kwa hiyo tulimwachia kijana alindaye lango letu usiku, akakubali kukaa na mchana pia. Tulijiona tumepanga vizuri sana. Tulipima unga wa Simba kikombe kwa kikombe, tukanunua omena, tukaandika kwenye karatasi saa za kula, saa za maji, na nambari ya simu ya daktari. Cheti cha chanjo tulikitundika ukutani. Tukaomba pamoja, tukaondoka.

Tuliporudi, Simba alikuja mbio mpaka njiani, amekonda kidogo lakini mzima. Debe la unga lilikuwa tupu. Tulimwuliza kijana kwa ukali kidogo, kwa maana tumezoea kumdhania mlinzi mabaya kwanza. Akainamisha kichwa, akasema, "Pasta, unga uliisha siku ya sita. Nilikuwa napika sufuria moja. Tulikula naye."

Mshahara wake ulikuwa utoke mwisho wa mwezi, na aliyeshika fedha alikuwa amesafiri, kama sisi tulivyosafiri. Tarehe hiyo tuliijua. Tulikuwa tumeandika karatasi nzima juu ya chakula cha mbwa, wala hatukumwuliza mtu yule yeye atakula nini. Siku nne zilizobaki, yule mama mjane aliwapitishia githeri juu ya ua. Na omena, alisema kijana, nyingi zilikuwa za Simba, kwa sababu aliogopa tungerudi tukamkuta amekonda.

Ndugu msikilizaji, hatukulala vizuri usiku huo. Bwana wetu alisema habari za Lazaro aliyelala mlangoni pa tajiri, na mbwa wakaja wakamlamba vidonda (Luka 16). Tumezoea kumtafuta tajiri huyo katika nyumba kubwa kubwa za Elgon View.

Mwaka huu tumepanga tena. Kijana atakwenda kwao tarehe 23, akale Krismasi na mama yake, nasi tuliopo tutafunga lango wenyewe. Atarudi tarehe 26, mshahara wake wa Desemba ukiwa mkononi kabla hatujapanda gari, pamoja na malipo ya zile saa za mchana, ambazo mwaka jana tulizihesabu kuwa upendo wa Kikristo. Kuna debe mbili za unga, na moja si ya mbwa. Vijana wawili wa kanisa watashika zamu siku mbili ili alale. Mama mjane atapewa kuku wake mapema. Simba amekwisha kuchanjwa, na karatasi iko ukutani. Safari hii ni fupi, kwa sababu tulimwita kijana tukaiandika pamoja, na yeye alifuta mistari kadhaa akisema mbwa huyu anamjua kuliko sisi.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wanaolinda malango yetu usiku huu, na wale wanaolisha vilivyo vyetu tukiwa mbali. Na kama liko deni lao mikononi mwetu, tuonyeshe kabla hatujasafiri. Amina.