Njia ya Ibn Battuta: Je, Alisema Kweli?



Msafiri akifika mjini na kusimulia aliyoyaona katika nchi za mbali, wenye kumsikiliza waweza kufanya moja katika mambo matatu: kumsadiki, kumkataa, au kushika njia ile ile wakatazame wenyewe. Hotuba hii yahusu jambo la tatu.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko. Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliondoka kwao kwenda kuhiji Makka. Mwaka 1331 alipanda chombo Aden, akapita Zeila, Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa. Lakini kitabu chake hakikuandikwa safarini. Kilimalizika mwaka 1355 katika mji wa Fez, yeye akisimulia na mwandishi Ibn Juzayy akiandika. Kwa hiyo habari za Kilwa zilikuwa zimekaa moyoni mwake kwa zaidi ya miaka 20.

Jambo hili si dogo. Yeye ndiye shahidi wa pekee aliyeiona Kilwa katika fahari yake ambaye maneno yake yamebaki. Akikataliwa kabisa, ushahidi wake wote wapotea. Akisadikiwa neno kwa neno, makosa yake yatafundishwa watoto kana kwamba ni kweli.

Tuanze na pepo. Kila nahodha wa pwani ajua kwamba kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni, na kusi huvirudisha. Ibn Battuta asema alishuka kusini mpaka Kilwa, kisha akasafiri kwenda Dhofar. Safari hiyo yapatana na pepo.

Sasa Mombasa. Asema kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, kwamba nafaka yao ililetwa kutoka kwingine, na kwamba walikwenda bila viatu na kuosha miguu kwa maji ya kisima kabla ya kuingia msikitini. Visima na mabirika ya misikiti ya kale bado yaonekana pwani, kama huko Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Lakini asema pia kwamba kati ya kisiwa na nchi ya Sawahili ni mwendo wa siku mbili baharini. Atakayesimama leo kivukoni Likoni ataiona bara mbele yake. Msafiri huyu alilala Mombasa usiku mmoja tu. Huenda alikosea, au huenda kwa jina la Sawahili alikusudia nchi nyingine ya pwani.

Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifiwa kwa ukarimu hata akaitwa Baba wa Zawadi. Katika miaka ya 1960 Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa. Huko Husuni Kubwa, juu ya jabali linalotazama bahari, lilifunuliwa jumba la mawe lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, pamoja na maandishi yenye jina la Sultani huyo. Sarafu yenye jina lake imeonekana hata Zimbabwe Kuu, mbali sana barani. Basi Sultani alikuwako, na biashara yake ilifika mbali. Lakini kitabu kama kilivyochapwa chasema majengo yote ya Kilwa yalikuwa ya mbao. Mawe yaliyosimama mpaka leo yanalipinga neno hilo "yote".

Tena Ibn Battuta ataja dhahabu ya Sofala, akisema kwamba ilitoka mji wa Yufi, mwendo wa mwezi mmoja. Habari hii hakuiona. Aliambiwa na mfanyabiashara. Na katika habari zake za Afrika ya Magharibi autaja mji wa Yufi kuwa uko karibu na mto Niger! Hapo alichanganya nchi mbili zilizo mbali sana.

Hata kwingineko amepimwa vivyo hivyo. Maelezo yake ya Dameski kwa sehemu kubwa yamechukuliwa katika kitabu cha Ibn Jubayr, aliyemtangulia. Na safari anayodai kuifanya mpaka Bulghar, karibu na mto Volga, wataalamu wengi hawaisadiki, kwa sababu siku alizozitaja hazitoshi kwa mwendo huo.

Basi je, Ibn Battuta alikuwa mwongo? La. Alikuwa shahidi, na maneno ya shahidi hupimwa moja moja: hili aliliona, hili aliambiwa, hili alilitwaa kwa mwingine. Aliyoyaona Kilwa na Mombasa mengi yamethibitika. Aliyoambiwa ndiyo yaliyompoteza zaidi.

Kipimo hiki si cha wataalamu peke yao. Karibu kila kabila lina wazee wanaosimulia safari za mababu: mto waliouvuka, mlima walioukalia, kisima walichokichimba. Kijana mwenye kuwaheshimu wazee wake asiwakatize wala asiwacheke. Na aulize kwa adabu nani aliyeona na nani aliyesikia, ayaandike majibu, kisha ashike njia akautafute mto ule na kisima kile. Mwenye macho haambiwi tazama.